Picha ya Kusimama Peke Yangu

Edmonton, London
3 Septemba 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, ila Toma alitapika ndege nzima na kumwaibisha baba yake Kamande. London imetupokea kwa mvua. Kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, wamenipokea kwa zamu mbili mfululizo, kana kwamba wazee wote walikubaliana waugue nikiwa likizo. Nimewasimulia habari za Bagamoyo, kuna bibi mmoja sasa ananiuliza kila asubuhi kama mama yangu bado yuko baharini.

Mikanda ya picha nimeipeleka kwa Usha. Huyu ni mama wa Kihindi mwenye duka la dawa hapa karibu na soko, anasafisha na picha pia. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kinamwacha Kamande mbali sana. Kamande anasema Wakenya wa bara wana Kiswahili chao. Sawa, lakini nani anakielewa?

Nimekuwekea hizi humu ndani. Jeni na mchanga masikioni. Toma akimlilia kaa aliyemkimbia. Kamande akitazama sahani ya pweza kama mtu aliyesomewa hukumu. Ile ambayo wewe umeshika taulo umekatika kichwa, mpigaji ni Toma, msamehe. Kwenye ile ya mlangoni mwa kanisa la misheni unaonekana nusu, nyuma ya Jeni.

Halafu mama, siku ile ya mwisho ufukweni ulianza kusema, "Nikiondoka pale nyumbani," nami nikakukatiza. Sikukusudia kukukosea adabu. Nilikuja kucheka na wewe baada ya miaka minne, sikutaka mambo mazito. Kula vizuri. Nilikuona umepungua.

Watoto wanakusalimu. Walikuwa wakikujibu kwa Kiingereza, lakini najua uliwaelewa.

Mwanao,
Skolastika


Ifakara
24 Septemba 1995

Skola mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na picha zote. Nimezipeleka jumuiya, wakacheka hadi padri akaja kuuliza kuna nini. Huyo pweza mwambie mkwe wangu alishakufa, hawezi kumdhuru.

Lakini ile yangu siioni. Nasema ile ya kusimama peke yangu, niliyovaa gauni la bluu na vile viatu vipya. Wewe nilikuomba ukaniambia kamera imechoka. Kamera inachokaje, Skola, na jioni ile ile ukawapiga picha watoto wakila machungwa? Ikabidi nimwombe Kamande, na unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho. Maskini alipiga uso ameugeuzia minazi. Nikasimama pale nimejikaza kama nimeitwa kwa mkuu wa wilaya.

Hizi za kundi hazinifai. Mtu akitaka kuniona itabidi aanze kunitafuta. Nataka ile, uso mzima, miguu mizima. Na nataka itoke kwako, usiniambie niende kwa mpiga picha wa hapa. Nitumie upesi, ina kazi.

Ile saa ya marehemu baba yako, Toma anaivaa? Vyungu vile vikubwa ulivyoviacha nimemgawia mdogo wangu Eme, na mbuzi pia nimempa. Sitaki kuwa na vitu vingi sasa hivi.

Nakuombea kila siku.

Mama yako,
Gaudensia


Edmonton, London
11 Oktoba 1995

Mama mdogo Emerensiana,

Shikamoo. Nakuandikia wewe, mdogo wake mama uliye karibu naye kuliko mimi, huko Morogoro, maana nikimwandikia yeye atanidanganya. Na wewe pia nakuomba usinidanganye. Najua kawaida yetu: aliye mbali haambiwi ugonjwa, anaambiwa msiba. Hata hapa kazini, sisi wageni tunaolea wazee wa watu, kila mmoja ana hadithi ya simu aliyopigiwa siku mambo yalipokwisha kuharibika.

Mama anaumwa nini?

Hebu sikiliza. Tulipokuwa Bagamoyo alikuja na gauni jipya na viatu vipya, yeye ambaye kiatu hukiacha pale tu kinapomwacha chenyewe. Akampa Toma saa ya marehemu baba. Akataka nichukue vyungu. Alienda kuungama kule misheni, akatoka anatabasamu. Amekonda. Siku ya mwisho tumekaa mchangani akaniuliza, "Nikiondoka pale nyumbani, utanikasirikia?" Nikalia, mama mdogo. Nikamwambia sitaki kusikia, nikaenda kuoga baharini ili asinione.

Halafu hiyo picha. Unakumbuka mazishi ya babu? Hakuwa na picha hata moja, wakakuza ile ya kitambulisho cha chama. Mjukuu akaibeba mbele ya jeneza na watu barabarani wakawa wanaulizana anazikwa nani. Mama alisema pale pale kaburini, "Mimi sitazikwa hivyo. Mimi nitapiga yangu mapema, nimesimama, uso unaonekana." Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nilisikia.

Kwa hiyo aliponiomba nimpige peke yake, mikono iligoma. Nilimdanganya. Kamande hakujua lolote, akapiga.

Picha ninayo. Usha aliitazama kabla ya kunikabidhi. Akasema, "Skola, huyu mama ana furaha yake. Mpelekee haraka." Mimi nimeifungia kwenye droo chini ya mashuka. Nikiituma ni kama nimemwambia haya, nenda. Najua ni ujinga, mimi ni mtu mzima ninayefanya kazi na madaktari. Lakini nakwambia mkono haufiki kwenye hiyo droo.

Niambie ukweli.

Mwanao,
Skola


Morogoro
2 Novemba 1995

Wewe Skola,

Marahaba, na pole kwa kujitafutia maradhi ya watu.

Dada haumwi. Wiki iliyopita alikuja kwangu na gunia la mpunga, akalishusha mwenyewe kwenye basi huku utingo amesimama ananyoosha mgongo. Amekonda kwa sababu ameacha ugali wa usiku. Kwa nini ameacha ugali wa usiku, mwulize yeye.

Jambo lipo, sikufichi. Lakini ameniapisha, na unajua mdomo wangu ulivyo na sifa mbaya katika ukoo huu. Safari hii nimeamua kuufunga ili nionekane mtu. Anataka akuambie mwenyewe, wewe na si mwingine, maana wewe ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye. Alijaribu huko Bagamoyo, ukamkimbia ukaingia baharini.

Itoe hiyo picha kwenye mashuka uitume. Usisubiri Krismasi.

Mama yako mdogo,
Eme


Edmonton, London
26 Novemba 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Baridi imeshaanza, saa kumi jioni ni giza, na Jeni ameanza kwaya shuleni kama wewe.

Mama, ile picha haikutoka. Usha anasema mwanga uliingia kwenye mkanda, kipande cha mwisho chote kimeungua. Nimeumia, lakini ndiyo hivyo. Usihangaike kupiga nyingine.

Na lile ulilotaka kuniambia ufukweni, nalijua. Mama mdogo hakunitamkia, usimlaumu, ila mimi si mtoto mdogo. Vyungu, mbuzi, saa ya baba, gauni. Niliyaona yote nikaelewa, na ndiyo maana nililia. Mama, siko tayari. Nakusihi kwa jina la marehemu baba, usiondoke katika nyumba aliyokujengea. Nikifikiria nyumba ile imefungwa na wewe hupo, siwezi kupumua. Najua umri unakwenda na kila mtu ana haki ya kupumzika. Lakini nikubalie hili moja. Kaa pale pale kwa ajili yangu.

Usinijibu kwa maneno mengi. Niambie tu kwamba utakaa.

Mwanao akupendaye,
Skola


Ifakara
17 Desemba 1995

Mwanangu Skola,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaenda kumwagilia mchicha, nikarudi nikaisoma tena.

Sikujua kama unajua. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia na kumbe umeshayapita. Ni kweli baba yako aliijenga nyumba hii kwa ajili yangu, tofali moja moja, na mimi nikisomba maji. Una haki ya kusema.

Nitakaa. Usilie tena, wala usimsumbue mumeo kwa huzuni. Habari ya picha imekwisha, sitaitaja.

Mvua zimeanza vizuri. Gauni nimelikunja nimeliweka sandukuni, hapa tope ni jingi. Krismasi njema kwako, kwa mkwe na kwa watoto. Mwambie Jeni sauti inatoka tumboni, si kooni.

Mama yako,
Gaudensia


Morogoro
12 Februari 1996

Skolastika,

Leo sina salamu ndefu.

Jumapili nilikuwa Ifakara kwa dada. Nilikaa naye kwenye benchi moja la kwaya. Baada ya misa katekista akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Akasoma, kwa mara ya tatu na ya mwisho, Telesphor wa Mlimba, mjane, mstaafu wa reli, na mwanamke mmoja mjane wa pale pale parokiani, anayeimba sauti ya pili, viti viwili kutoka kwa mama yako. Mwenye kujua kizuizi aseme. Dada alikuwa anatazama kitabu cha nyimbo. Amekishika juu chini.

Sasa nakuambia niliyoapishwa, maana kiapo hakina kazi tena.

Huyo Telesphor ndiye aliyemtaka mama yako. Tangu Pasaka ya mwaka jana. Mtu mpole, hanywi, mkewe alifariki miaka mingi iliyopita, watoto wake wako Mbeya. Alikuwa anakuja na treni kutoka Mlimba, anakaa barazani kwa dada na mlango wazi, anakunywa chai, anarudi. Akamletea picha yake, kama wazee wetu wanavyofanya, akamwambia, "Jibu la mdomo sitaki, usije ukajilazimisha kwa aibu. Ukikubali nipe yako, niiweke mezani kwangu watoto wangu waione. Usiponipa, nitaelewa, na sitakusumbua."

Ungesema angepiga picha pale mjini yakaisha. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia, "Eme, nina mtoto mmoja. Picha akiipiga yeye au mumewe, akanitumia kwa mkono wake, hiyo ndiyo ruhusa yangu. Sitaki kwenda kwa mwanamume nikiwa nimemtoroka mwanangu." Ndiyo gauni. Ndiyo viatu. Vyungu na mbuzi alikuwa anavigawa kwa sababu huko Mlimba kuna vyungu na mbuzi. Ugali wa usiku aliuacha ili gauni limkae. Alikuwa anakwenda kuolewa, Skola, wewe ukawa unamzika.

Telesphor alisubiri. Kila akija anaambiwa, iko njiani inatoka London. Baada ya Krismasi akaja mara ya mwisho, dada akamwambia haitakuja. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Nilimwuliza dada baada ya misa kwa nini, akanifungulia barua yako ya Novemba. Nimeisoma yote. Nyumba aliyokujengea baba. Siko tayari. Kaa pale pale. Yeye amesoma kwamba umejua habari za Telesphor na umekataa. Akakutii. Hakunung'unika, ameniambia tu, "Mtoto amesema."

Hajui kwamba picha ipo. Mimi sikumwambia. Nilifungua mdomo nikaona nitamvunja zaidi. Ulitakiwa uulize, Skola. Na mimi nilitakiwa nisitafute sifa ya kunyamaza, mwaka mzima nimesengenya mambo ya kijinga, la maana likaja nikalimeza. Nimejilaani vya kutosha, zamu yako.

Harusi ni Jumamosi. Kwaya itaimba, na anayeanzisha nyimbo ni dada.

Emerensiana


Edmonton, London
3 Machi 1996

Mama,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Kamande amewapeleka watoto kanisani ili nimalize.

Picha hii hapa. Haikuungua. Ilikuwa kwenye droo yangu chini ya mashuka tangu Septemba, na mimi ndiye niliyeiweka. Nilidhani unaumwa, na hata mama mdogo aliponiambia huumwi sikumwamini. Nilidhani unaitaka kwa ajili ya mazishi, kama ulivyosema kwenye kaburi la babu. Nilifikiri nikiificha, kifo kitakosa pa kuanzia. Barua yangu ya Novemba ilikuwa inakuomba usife, mama. Nilikuwa nakusihi uishi. Sikujua jina la Telesphor mpaka mama mdogo aliponiandikia.

Ningejua, ningeileta mwenyewe kwa miguu.

Ninalea wazee wa watu hapa. Kuna mzee na bibi walikutana kule kule kwenye nyumba ya wazee, wana zaidi ya miaka themanini, na sisi wafanyakazi tuliwaunganishia viti mezani tukawapigia na picha. Tulifurahi mno. Kwa mama wa mtu niliweza kuiona furaha, kwako nikaona jeneza. Usha, ambaye hakujui, aliitazama picha mara moja akaniambia una furaha yako. Nilimsikia na nikaondoka.

Hukuhitaji ruhusa yangu. Lakini uliiomba, na ningekupa. Nataka ujue hivyo hata kama haisaidii. Ningekupa, mama.

Sijui niseme nini tena. Ukikasirika uniandikie hasira. Usininyamazie.

Mwanao,
Skolastika


Ifakara
31 Machi 1996

Skola mwanangu,

Marahaba.

Nilikaa na bahasha yako siku mbili sijaifungua, maana niliishika nikasikia ugumu wa picha ndani. Nikadhani umeniletea picha za watoto, na moyo wangu haukutaka kuona picha yoyote.

Nikwambie ukweli, nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikamfukuza kuku wa jirani kwa jiwe, kuku ambaye hajanifanyia kitu. Umeniomba nikuandikie hasira, basi hiyo ndiyo. Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba mwanangu amekataa, na mtu akikataliwa na mtoto wake hujisemea, hewala, ana sababu. Sasa unaniambia hakukataa mtu. Hilo ndilo nimeshindwa kulilaza.

Na mimi pia nina langu. Ningesema mapema, "Skola, nataka kuolewa." Ni maneno machache tu. Lakini kumwambia mtoto niliyemnyonyesha kwamba nataka mume, ulimi ulikuwa mzito. Nikazungukazunguka na vyungu. Ulipokimbilia baharini nilibaki nimeshika taulo lako nikisema moyoni, kumbe inamuuma hivi.

Kwenye harusi niliimba. Nilianzisha nyimbo zote na sikukosea hata moja. Telesphor alinipa mkono nje ya kanisa kama wengine. Akauliza habari za London, nikamwambia kuna baridi. Mkewe ni mwanamke mwema, tumeimba wote miaka mingi, usimwombee mabaya.

Sasa picha. Skola, nilikuwa mzuri. Mbona hamkuniambia? Gauni limenikaa, mikono imetulia, nimejiangalia nikaona aibu kama si mimi. Ila Kamande kwa heshima zake ameitazama minazi akaipinda kamera, bahari yote imeinama upande mmoja, kidogo imwagike. Msalimu sana. Mwambie sina kinyongo naye.

Nimempa seremala akaiwekea fremu, na nimeitundika sebuleni kando ya baba yako. Kazi niliyoiombea imepita. Imebaki ile nyingine, ile uliyoiogopa wewe, nayo haina haraka. Siku yake ikifika, nataka Jeni aibebe mbele. Mfundishe mapema namna ya kuishika, maana bahari ilivyoinama watu watadhani ni mtoto anayepindisha.

Mje tena mkipata nafasi. Gauni bado lipo, nimelitoa sandukuni.

Mama yako,
Gaudensia